Ndege moja, nchi nyingi: ubia wa kutengeneza ndege husimama au huvunjika kwenye maungio

Fundi wa Kipawa (mwanzisha uzi)

Wakuu, nawasalimu nyote. Naomba mnivumilie kwa urefu wa uzi huu, kwa kuwa jambo lenyewe halisemeki kwa mistari mitano.

Wiki iliyopita, zamu ya usiku, nilikuwa nimelala chali chini ya ndege ya mapangaboi katika karakana, nikisoma vibati vya namba za vipuri ili nijaze kumbukumbu za matengenezo. Kijana wa mafunzo kwa vitendo alikuwa ananishikia kurunzi. Kibati kimoja kilikuwa cha Ufaransa, kilichofuata cha Italia, injini ilikuwa ya Kanada, na nilipotambaa kuelekea mkiani nikakuta Italia tena. Yule kijana akaniuliza, "Kaka, sasa hii ndege hasa ni ya nchi gani?" Nilimjibu kwa kifupi kwa sababu asubuhi ndege ilitakiwa iruke, lakini swali lake limenikaa moyoni, na nimeona nilijibu hapa kwa ukamilifu.

Ndege ile ni ATR, aina ambayo Precision Air imekuwa ikiitumia kwa miaka mingi. Mwaka 1981 Aérospatiale ya Ufaransa na Aeritalia ya Italia, ambazo kila moja ilikuwa na michoro yake ya ndege ndogo ya safari fupi, zilikubaliana kuiunganisha michoro hiyo badala ya kugombania soko ambalo lisingezitosha zote mbili. Waitaliano wakachukua kiwiliwili na mkia, Wafaransa wakachukua mabawa na kazi ya kuunganisha huko Toulouse, na injini ikatoka Pratt & Whitney Canada. ATR 42 iliruka kwa mara ya kwanza Agosti 1984, na ile ndefu zaidi, ATR 72, ikafuata mwaka 1988. Hata herufi za jina husomeka sawasawa kwa Kifaransa na kwa Kiitaliano, hivyo hakuna mbia wa kulalamika kwamba amemezwa.

Ukitoka hapo ukatazama A220-300 ya Air Tanzania, iliyotua hapa Dar es Salaam Desemba 2018 na kulifanya shirika letu kuwa la kwanza Afrika kuirusha ndege ya aina hiyo, utakuta orodha ndefu zaidi. Ilibuniwa na Bombardier ya Kanada ikiitwa CSeries, mabawa yake ya nyuzi za kaboni yanatengenezwa Belfast, baadhi ya sehemu za kiwiliwili zilikabidhiwa kiwanda cha Shenyang nchini China, injini ni za Kimarekani, na kazi ya kuunganisha hufanyika Mirabel, jirani na Montreal. Gharama za mradi zilipoielemea Bombardier, serikali ya jimbo la Quebec iliingiza dola bilioni 1, na Julai 2018 Airbus ikachukua hisa zaidi ya nusu kwa dola moja tu. Miezi michache baadaye ndege hiyo ikatua kwetu ikiwa na jina la Airbus.

Baada ya miaka mingi ya kufungua na kufunga mashine hizi, nimefikia msimamo mmoja. Ubia wa namna hii hauamuliwi na ukubwa wa wabia wala na wingi wa fedha. Unaamuliwa kwenye maungio: mahali ambapo kazi ya mmoja inakutana na kazi ya mwingine, na kama yupo mtu mmoja mwenye mamlaka na ujuzi wa kusimamia kiungo hicho.

Chukueni Concorde, ile ndege ya abiria iliyoruka kwa kasi kupita sauti. Uingereza na Ufaransa zilitia saini mkataba wa kuitengeneza tarehe 29 Novemba 1962, na mkataba ule haukuwa na kifungu cha mmoja kujitoa peke yake, kwa hiyo serikali mpya ya Uingereza ilipotaka kuachana na mradi mwaka 1964 ilijikuta imefungwa mikono. Kwa ajili ya heshima ya kila upande zikajengwa karakana mbili za kuunganisha, Filton na Toulouse, kwa ndege ambazo jumla yake hazikuzidi 20. Kama mashine, Concorde ilikuwa ajabu ya uhandisi, na mimi sitachoka kuisifu. Kama ubia wa biashara, kila kitu kilifanywa mara mbili, na wanunuzi wakabaki kuwa mashirika ya nchi hizo hizo mbili.

Airbus ilijifunza kutokana na hayo. Ufaransa na Ujerumani Magharibi zilikubaliana Mei 1969 kutengeneza A300, na serikali ya Uingereza ikawa imekwisha kujitoa mwezi mmoja kabla. Hapa ndipo penye somo ninalolipenda kuliko yote. Kiwanda cha Hawker Siddeley hakikukubali kuondoka pamoja na serikali yake. Kilibaki kama mkandarasi wa mabawa, kikaweka fedha zake, na Wajerumani wakakiongezea mkopo, kwa sababu walijua kwamba hakuna Ulaya aliyelifahamu bawa la ndege ya abiria kama Waingereza wale. Roger Béteille, mhandisi Mfaransa aliyeigawa kazi, alimpa kila mtu alichokiweza: Wafaransa chumba cha marubani na mifumo ya uendeshaji, Wajerumani sehemu kubwa ya kiwiliwili, Wahispania mkia wa ulalo (yale mabawa madogo ya mkiani), Waingereza mabawa. Kisha akaamua jambo ambalo hakuna mwanasiasa angelithubutu, kwamba lugha ya kazi iwe Kiingereza na vipimo viwe vya inchi, kwa kuwa mashirika mengi yaliyokusudiwa kununua yalikuwa na ndege na mafundi waliozoea vipimo vya Kimarekani. A300 iliruka Oktoba 1972. Hadi leo mabawa ya ndege nyingi za Airbus hutengenezwa Broughton, Wales, ingawa Uingereza ilirejea rasmi kama mbia mwaka 1979 tu, kwa hisa asilimia 20.

Nawasilisha, na maswali yanakaribishwa.

Mhasibu wa Posta

Mkuu, nimesoma mwanzo hadi mwisho na nakushukuru. Nina hoja ya kifedha. Kama maungio ndiyo chanzo cha matatizo, kwa nini kampuni yenye uwezo kama Boeing iyaongeze? Ingetengeneza kila kitu nyumbani, ikalala usingizi.

Fundi wa Kipawa

Mhasibu, umegusa penyewe. Sababu kuu ni kwamba kubuni ndege mpya ya abiria hugharimu mabilioni ya dola kabla tiketi hata moja haijauzwa, na mbia anayekubali kubeba sehemu ya gharama hizo anakubali pia kubeba sehemu ya hasara. Sababu ya pili ni soko: nchi inayotengeneza bawa ni rahisi zaidi kwa mashirika yake kuinunua ndege yenyewe.

Boeing walilipeleka wazo hilo mbali kuliko wote kwenye 787, ile ambayo ya kwanza yetu ilitua hapa Julai 2018. Mabawa yalipewa Mitsubishi huko Nagoya, Japani, sehemu za kiwiliwili wakapewa Kawasaki na Waitaliano wa Alenia, kisanduku cha katikati kinachobeba mabawa wakapewa Fuji, na nyuzi za kaboni zikatoka Toray. Zikabadilishwa ndege nne za 747 ziwe na matumbo makubwa ya kusafirishia vipande hivyo. Mpango ulikuwa kila mbia alete sehemu iliyokamilika, yenye nyaya na mabomba yake ndani, na pale Everett, kwenye kiwanda cha Boeing huko Marekani, iwe ni kuunganisha tu. Tarehe 8 Julai 2007 ndege ilioneshwa kwa ulimwengu ikiwa imepakwa rangi na kupendeza, na ndani ikiwa tupu, huku baadhi ya ribiti zikiwa za muda kwa sababu zile halisi zilikuwa hazipatikani. Iliruka Desemba 2009, na abiria wa kwanza walipanda mwaka 2011, zaidi ya miaka mitatu baada ya muda uliopangwa. Baadhi ya wabia walikuwa wamewapa kazi wengine walio chini yao, na Boeing haikuwa na macho huko chini. Ilibidi inunue kiwanda cha mbia mmoja huko Charleston ili kazi isogee.

Nao Airbus, waliokuwa na miaka zaidi ya 30 ya uzoefu wa kuunganisha mataifa, walijikwaa kwenye A380. Ndege hiyo ina nyaya za urefu wa takribani kilomita 530. Wahandisi wa Airbus wa Hamburg, Ujerumani, walikuwa wakichora kwa toleo la zamani la programu ya usanifu, na wenzao wa Toulouse kwa toleo jipya, na matoleo hayo hayakusomana vizuri. Mafungu ya nyaya yalipofika Toulouse, mafundi wakayapitisha kwenye njia zake, wakakuta mengine hayafiki kwenye kiunganishi. Waya umepungua kidogo tu, na ndege kubwa kuliko zote za abiria ikachelewa takribani miaka miwili.

Kuhusu hesabu, kuna ubia mmoja ambao wewe kama mhasibu utaupenda. CFM, watengenezaji wa injini za ndege, ni ubia wa General Electric ya Marekani na Snecma ya Ufaransa (siku hizi Safran), ulioanzishwa mwaka 1974, nusu kwa nusu. Moyo wa injini yao ya kwanza, yaani sehemu ya ndani inayochoma mafuta, ulitokana na injini ya ndege ya kivita ya Marekani, na serikali ya Marekani ikakataa utoke nchini, hata suala hilo likafikishwa kwa marais Nixon na Pompidou walipokutana Reykjavik mwaka 1973. Ruhusa ilitolewa kwa sharti kwamba moyo huo usafirishwe ukiwa umefungwa, Wafaransa wasiufungue. Nao walipokubaliana kuhusu fedha, hawakugawana faida. Waligawana mapato. Kila mmoja anatengeneza nusu yake kwa gharama zake, na anayebana matumizi ndiye anayebaki na kingi. Hakuna anayehitaji kukagua daftari la mwenzake. Linganisha na Airbus ya zamani, ambapo kila mbia alikuwa mwenye hisa na muuzaji wa vipande kwa wakati mmoja, hivyo hakuna aliyetaka kuonesha gharama zake halisi, mpaka walipogeuka kuwa kampuni moja mwaka 2001. Injini za 737 MAX 9 tuliyoipokea Oktoba 2023 zinatoka kwenye ubia huo wa CFM.

Mzee wa Ukonga

Wanangu, nimewasoma kwa utulivu. Mimi ni wa enzi za East African Airways, na nakumbuka Fokker F27 zikishusha abiria hapa wakati uwanja ungali mdogo. Ndege ile ilibuniwa Uholanzi, na Fairchild wa Marekani wakaitengeneza pia kwa leseni. Nimeona umetaja ubia uliofanikiwa zaidi kuliko uliovunjika. Fokker waliungana na VFW ya Ujerumani mwaka 1969, wakaachana mwaka 1980. Na shirika letu la nchi tatu lilikufa mwaka 1977 nasi tukiangalia, ilhali ndege zilikuwa nzima na mafundi walikuwa hodari. Serikali zikishindwa kuelewana kuhusu nani alipe deni gani, ufundi hauokoi. Hilo nalo ni kiungo, mwanangu, na wewe umetaja viungo vya chuma na nyaya peke yake.

Fundi wa Kipawa

Shikamoo mzee wangu. Nimelipokea, na nakiri nililipunguza. Mfano wa karibuni unaokuunga mkono ni Superjet, ndege ya abiria ya Urusi iliyoruka Mei 2008. Injini yake, SaM146, ilitengenezwa kwa ubia wa Saturn ya Urusi na Snecma, Wafaransa wakiwa ndio wenye moyo wa injini, na Waitaliano wakasaidia kuiuza. Vikwazo vya mwaka 2022 vilipowekwa, vipuri na huduma kutoka Ufaransa vilikatika, na Warusi wakalazimika kuibuni upya ndege kwa vipande vya nyumbani. Ubia wao na China wa kubuni ndege kubwa ya safari ndefu nao haukudumu, China ikaendelea peke yake.

Kwa ndege za mizigo za kijeshi, A400M ilionesha uzito wa siasa kwa namna nyingine. Nchi saba zilisaini mwaka 2003 kununua ndege 180. Pratt & Whitney Canada walikuwa wameleta zabuni ya injini, lakini ikaamuliwa injini iwe ya Ulaya, na ubia mpya wa viwanda vya nchi nne ukaundwa kwa ajili hiyo. Programu ya kuiendesha injini ndiyo iliyochelewesha mradi kupita kiasi. Mei 2015, jirani na Seville, ndege moja ilianguka katika jaribio na kuua watu wanne, baada ya vigezo muhimu kufutika kwenye kompyuta za injini tatu wakati programu ilipopakiwa. Sisi mafundi tulipolisikia lile, tulinyamaza kwa muda mrefu. Kila mmoja wetu amewahi kupakia programu kwenye ndege.

Mwanafunzi wa Mabibo

Shikamooni wakubwa zangu. Mimi nasoma matengenezo ya ndege pale Chuo cha Taifa cha Usafirishaji. Kaka Fundi, nchi kama yetu inaweza kuingia vipi kwenye ubia huu, au tutabaki kununua na kutengeneza kile ambacho wengine wamebuni?

Fundi wa Kipawa

Marahaba mdogo wangu. Swali lako ndilo lililonifanya niandike.

Indonesia walijaribu. B. J. Habibie, aliyekuwa amefanya kazi ya uhandisi wa ndege Hamburg, alirejea kwao katika miaka ya 1970 na mpango wa hatua. Kwanza waunganishe ndege ya mtu mwingine kwa leseni, nayo ikawa C-212 ya CASA ya Hispania. Kisha wabuni ndege pamoja na CASA hiyo hiyo, nusu kwa nusu, nayo ikawa CN-235, ndege ya abiria na mizigo iliyoruka Novemba 1983 Hispania na mwezi uliofuata Indonesia. Mwisho wabuni ya kwao peke yao, N-250, iliyoruka Agosti 1995.

Mhasibu wa Posta

Samahani mkuu nikukatize. N-250 ilikufa. Mgogoro wa fedha ulipowapiga, Shirika la Fedha la Kimataifa liliwawekea sharti la kuacha kukipa kiwanda hicho fedha za serikali. Tusimpe kijana mfano wa kumtia hasara.

Fundi wa Kipawa

Ni kweli, Januari 1998. Lakini tazama kilichobaki: CN-235, ile ya ubia, bado inatengenezwa Bandung, Indonesia, hadi leo. Iliyokufa ni ile waliyotaka kuibeba peke yao. Kwangu mimi huo ni ushahidi wa hoja yangu, ingawa naheshimu tahadhari yako, kwa sababu fedha za umma si za kuchezea.

Afrika nayo ina mifano. Afrika Kusini iliingia kwenye A400M mwaka 2005, ikaagiza ndege 8, ikafuta oda hiyo Novemba 2009 gharama zilipopanda, lakini viwanda vyake viliendelea kutengeneza baadhi ya vipande. Yaani ununuzi ulikufa na ujuzi ukabaki. Morocco walianza na kitu kidogo zaidi: mwaka 2001 Royal Air Maroc, Boeing na kampuni ya Kifaransa ya nyaya walianzisha kiwanda cha MATIS karibu na uwanja wa ndege wa Casablanca, kazi yake kutengeneza mafungu ya nyaya za ndege. Hapa kwetu kipo kiwanda cha Morogoro kinachounganisha ndege nyepesi za Skyleader zenye asili ya Jamhuri ya Cheki. Ni za watu wawili tu, na wapo wanaozidharau. Mimi sizidharau, kwa kuwa hatua ya kwanza ya Habibie ilikuwa hiyo hiyo ya kuunganisha kilichobuniwa na wengine.

Nieleze kwa nini jambo hili linanichoma. Injini za A220 zilipopata tatizo la uimara na vipuri vikawa haba duniani, mashirika mengi yaliegesha ndege zao, letu likiwemo, na hakuna aliyekuwa na la kufanya isipokuwa kusubiri zamu. Na mimi mwenyewe, katika karakana nisiyopenda kuitaja, niliwahi kuona ndege imekaa chini siku 19 kwa ajili ya mpira wa kuzuia mvujo usiozidi upana wa mdomo wa kikombe cha kahawa. Tulikuwa na mafundi, vifaa na vitabu. Kile kimpira kilikuwa kimeandikiwa kiwanda kimoja tu, ng'ambo, na bila hati ya kiwanda hicho hakiwezi kufungwa hata kama ungekipata cha kufanana nacho Kariakoo asubuhi hiyo. Hati ndiyo inayouzwa, mdogo wangu, kuliko mpira. Mbia ni yule ambaye mamlaka za anga zinaiamini saini yake.

Mwanafunzi wa Mabibo

Nimeelewa, kaka. Basi kama ungeulizwa sisi tuanze na kipande gani, ungesemaje?

Fundi wa Kipawa

Ningesema nyaya, kama Morocco. Kazi yenyewe haihitaji tanuri kubwa la kukaushia nyuzi za kaboni wala mashine ya kuchonga bawa. Inahitaji meza ndefu yenye mchoro wa ukubwa halisi, umebandikwa juu ya ubao na kupigiliwa vijiti kila mahali waya unapokata kona. Unalaza waya mmoja mmoja kwa namba yake, unaufunga kwa uzi kila baada ya umbali uliopangwa, unabana pini kwa koleo lililopimwa, kisha unaipitisha pini kwenye tundu lake katika kiunganishi mpaka usikie imekaa. Mwenzako anakagua bila kukusikiliza maelezo yako. Baadaye fungu zima linawekwa kwenye kipimo cha umeme, waya kwa waya, na majibu yanaingia kwenye faili litakalotunzwa miaka yote ndege hiyo itakapokuwa hai.

Pale chuoni mna karakana ya umeme wa ndege. Omba mwalimu wako akupe mchoro wa fungu dogo, la viunganishi viwili na waya kama 12, ulitengeneze mwanzo hadi mwisho, kisha umpe mwenzako aliyesoma mchoro huo huo kwa nakala yake atengeneze nusu ya pili. Yaunganisheni. Mkikuta waya umepungua, msiuvute ufike. Rudini kwenye michoro muone kama nakala zenu zilikuwa za toleo moja.